Usukani ukilegea ndani ya mvua: jibu kwa mama anayekwenda Iringa na watoto

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaendesha Toyota IST niliyoagiza Japani, iliingia mwaka jana. Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Chalinze kwenda Morogoro, mvua kubwa, spidi 90. Ghafla usukani ukawa mwepesi mkononi, gari ikavutwa kushoto, halafu ikakaa sawa yenyewe. Sikugusa breki, niliganda tu kwa woga. Fundi anasema ni alaimenti na shoki. Mume wangu anasema ni mimi ndiye sijui kuendesha kwenye mvua. Upepo wa matairi sijapima tangu Desemba. Pasaka tunakwenda Iringa na watoto watatu. Nani kati yao yuko sahihi, na nifanye nini kabla ya safari?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa mshtuko. Woga wako ulikufaa. Ungekanyaga breki pale, gari lingeweza kuzunguka na kuwaweka ubavu kwa lori linalokuja.

Fundi wako hajalenga, na mumeo kakuonea. Alaimenti mbovu, yaani matairi yasiyoelekea sawa, huvuta gari muda wote, jua na mvua. Ungeihisi kila unapolegeza mikono kwenye barabara iliyonyooka. Gari lako limevuta mara moja, ndani ya maji, likatulia. Na mkono wako haukukosea kitu. Kilichotokea ni kwamba matairi ya mbele yaliacha kugusa lami, na kwa kitambo kile ulikuwa unaelea. Usukani ulikuwa mwepesi kwa sababu haukuwa na kazi: tairi lisilogusa barabara halina cha kugeuza.

Hebu tulitazame tairi lenyewe. Sehemu inayogusa lami ni ndogo, haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Hapo ndipo gari lote linaposhika, kwenye viganja vinne. Barabara ikiwa na maji ya kina cha milimita 3, tairi lenye upana kama la kwako, kwa spidi 90, linatakiwa kusukuma kando zaidi ya lita 13 kila sekunde. Ndiyo kazi ya ile mifereji unayoiona kwenye tairi: kuyapa maji njia ya kukimbilia. Mifereji ikiwa imelika, au spidi ikiwa kubwa kuliko maji yanavyoweza kuondoka, maji hujikusanya mbele ya tairi, hujipenyeza chini yake na kulinyanyua.

Upepo nao umo humo, na hapa ndipo mahali pa kwanza ninapokushuku. Miaka ya 1960 wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye njia zenye maji walipata kanuni ambayo bado inatumika: spidi ya tairi kuanza kuelea inategemea mgandamizo wa upepo uliomo ndani yake. Ukiibadili kwa vipimo vyetu, unachukua psi, kile kipimo anachotumia mtu wa upepo, unatafuta kipeuo chake cha pili, unazidisha kwa 17 kasoro kidogo. Tairi lenye psi 32 linafika kwenye spidi 94 hivi. Likishuka hadi psi 25, ni 83. Likifika psi 20, ni 75. Hesabu hiyo ni ya maji yaliyozidi kina cha mifereji ya tairi, kwa hiyo kwa tairi lililokaribia kipara inaanza kwenye kidimbwi kidogo tu. Wewe ulikuwa kwenye 90, na upepo hujapima tangu Desemba. Huhitaji kutafuta mchawi.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu barabara zetu hujengwa zikiwa zimeinama kuelekea kando ili maji yatiririke, na tunaendesha kushoto, kwa hiyo tairi lako la kushoto ndilo linalokutana na maji mengi. Ongeza malori. Barabara ile ya Morogoro inabeba mizigo ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na matairi ya malori yamechimba mikondo miwili kwenye lami, hasa kwenye milima na sehemu wanazosimama. Mvua ikinyesha, mikondo hiyo huwa mifereji. Tairi lako la kushoto liliingia kwenye maji, maji yakalikinza, gari likavutwa upande huo. Ukiendesha siku ya mvua angalia mbele: penye mng'aro wa maji yaliyotuama utaona mistari miwili inayoenda sambamba. Sogea kidogo ili matairi yako yapite juu ya kingo za mikondo, si ndani yake, mradi ubaki kwenye upande wako wa barabara.

Sasa matairi. Kesho asubuhi, gari likiwa bado halijatembea, fungua mlango wa dereva utazame kwenye fremu yake. Kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, na namba utaisoma bila kujua lugha. Imeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Igawe kwa 7 kasoro kidogo upate psi. Kikisema 220, ni psi 32. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mtu wa upepo. Usikubali akujazie "kama ya wengine", na usikubali ushauri wa kupunguza upepo ili gari lishike vizuri kwenye mvua. Umeona kwenye hesabu hapo juu: unapopunguza upepo unaishusha spidi ya kuelea. Hilo la kupunguza ni la kwenye mchanga na tope, si la lami.

Kisha inama uingize kidole kwenye mifereji. Ndani yake utakutana na vijibonge vidogo vya mpira vilivyovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hivyo vimewekwa kiwandani kwa urefu wa milimita 1.6. Uso wa tairi ukiwa sawa na kijibonge, tairi limekwisha. Lakini kwa mvua ya masika mimi singesubiri hapo. Likibaki na chini ya milimita 3, uwezo wake wa kutoa maji umeshapungua sana, na kwa safari ya watoto watatu ningelibadilisha.

Angalia pia pembeni mwa tairi, penye herufi DOT. Mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira uliozeeka hukakamaa, na mpira mkavu hauing'ang'anii lami iliyolowa hata kama mifereji yake inapendeza. Nalisema hili hasa kwa sababu gari lako limetoka Japani, na huenda lilikuja na matairi yake ya kule. Tafuta pembeni neno STUDLESS au ICE. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi kali; kwenye lami ya moto iliyolowa husimama vibaya kuliko tairi la kawaida. Wauzaji wengi hawasemi, na wanunuzi wengi wanayafurahia kwa sababu yana mifereji mingi.

Ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, mapya yafunge nyuma. Najua fundi atakubishia, kwa kuwa injini ya gari lako inazungusha miguu ya mbele. Mwambie afunge nyuma. Tairi za mbele zikielea, gari huenda moja kwa moja na wewe unahisi mkononi, kama ulivyohisi. Za nyuma zikielea, huhisi kitu mpaka mkia umeshakupita, na hapo hata dereva mzoefu hana la kufanya.

Shoki zikaguliwe, sikatai. Shoki iliyokufa huliacha tairi lirukeruke, na tairi linaloruka halishiki. Alaimenti pia fanya, ila baada ya kufunga matairi, si kabla, maana alaimenti mbovu itakula matairi mapya upande mmoja.

Tukirudi kwenye ile hali yenyewe: ikitokea tena, fanya ulichofanya, safari hii kwa kujua. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usiutoe kwa kushtuka. Usikanyage breki. Usukani ushike mbele, usiukate kulivuta gari. Hili la mwisho ndilo linaloua watu: gari likienda kushoto mtu anakata kulia, hakuna kinachotokea kwa kuwa tairi linaelea, anaongeza kukata, halafu tairi linagusa lami likiwa limegeukia kulia kabisa. Gari linaruka kwenda upande wa pili wa barabara. Shika mbele, ngoja, spidi ishuke, utauhisi usukani unapata uzito wake. Mkia ukianza kukutoka, tazama kule unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko kwa upole.

Lakini ustadi wa dakika ile ni wa akiba. Kinachokulinda ni spidi uliyoingia nayo. Mvua ya rasharasha, barabara nzuri, 80 inatosha. Mvua nzito yenye maji yaliyotuama, shuka 60, na usione haya kushuka hadi 40 kama huoni mbele. Mabasi yatakupigia honi. Waache wapige.

Mtu anayeona haya kupunguza hajui gari linavyosimama kwenye maji. Kwa spidi 80, tairi likiwa zuri, lami kavu, kutoka kukanyaga breki hadi kusimama ni mita 30 hivi. Kwenye lami iliyolowa inaweza kufika mita 60, na hujahesabu mita 22 ulizotembea katika sekunde moja ya kushtuka. Kwa hiyo nafasi kati yako na gari la mbele iwe ya sekunde nne. Gari la mbele likipita nguzo, sema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi nne. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Atajitokeza mtu ataingia kwenye nafasi yako. Jirudishe nyuma tena. Gari lako lina ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge unapopiga breki, kwa hiyo ikibidi breki ya ghafla, kanyaga mpaka chini na ushikilie. Pedali itatetemeka chini ya mguu na kutoa mlio. Usiiachie, ndivyo inavyofanya kazi. Mambo ya kukanyaga na kuachia ni ya magari yasiyo na ABS.

Saa ya hatari kuliko zote ni nusu saa ya kwanza ya mvua baada ya kiangazi. Oili iliyodondoka, moshi wa dizeli, unga wa matairi na vumbi la miezi vinapanda juu na kuchanganyika na maji machache. Penye malori mengi, kama Chalinze na Ruaha Mbuyuni, lami hung'aa rangirangi. Usipige breki wala kona ya ghafla juu ya rangi hiyo. Na mvua inapoanza tu ndipo watu wanapokimbia: mwanafunzi kajifunika daftari hatazami barabara, mama wa sokoni anawahi kufunika vitunguu, bodaboda anakata kona kuingia chini ya kibanda. Punguza hapo hata kama wewe unaona vizuri.

Kuona na kuonekana. Washa taa za mbele, zile za chini, mchana huohuo. Taa za full kwenye mvua nzito zinagonga matone na kukurudishia mwanga machoni. Zile taa nne za hazadi ambazo madereva wetu huwasha mvua ikianza, usiziwashe ukiwa unatembea. Aliye nyuma hajui kama umesimama au unakwenda, na kwenye magari mengi ukiziwasha hata indiketa haionekani unapotaka kukata. Ziwashe ukiwa umesimama pembeni. Na ukisimama, toka nje ya lami kabisa, mahali pagumu, wala si chini ya mti.

Kioo kikifanya ukungu ndani, na kwa watoto watatu wanaopumua kitafanya, usipanguse kwa kitambaa ukiwa unaendesha. Washa AC, weka joto, elekeza upepo kioo cha mbele, na hakikisha kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimezimwa ili hewa ya nje iingie. AC hukausha hewa. Ukungu utaondoka upesi. Mipira ya wipa ikague kabla ya safari. Jua letu linaikausha mpaka inapasuka, na ni bei ndogo kuliko chochote nilichokutajia.

Lori ukitaka kulipita, kumbuka kwamba ukiwa ubavuni mwake hutaona kitu kwa muda. Wipa ziweke kasi ya mwisho kabla hujaingia ubavuni. Kama huoni mbali mbele yake, baki nyuma. Mimi wanafunzi wangu nawaambia kwenye mvua nzito wasilipite lori kabisa, na hakuna aliyechelewa kwa kiasi cha kujutia.

Sasa jambo ninalotaka usome pamoja na mumeo: maji yanayovuka barabara.

Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye daraja la mto Enziu lililofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Aprili 2024, Arusha, gari la shule lilisombwa kwenye korongo na watoto wakafa. Waliokuwa ndani ya magari hayo hawakuamua chochote. Aliamua mtu mmoja aliyeshika usukani. Hili linaniuma kila masika yakianza, kwa sababu ni kifo kinachoepukika kwa kusimama tu.

Fanya hesabu ya gari lako. Uzito wake pamoja na nyinyi ni karibu tani moja na robo. Sakafu yake iko sentimita 15 hivi kutoka chini. Maji yakishafika kwenye sakafu, kila sentimita 10 zinazoongezeka zinalinyanyua kwa zaidi ya nusu tani. Maana yake ni kwamba maji yasiyofika goti yanalifanya gari kuwa jepesi, na mkondo ukipita unalichukua. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kulichukua gari dogo. Sentimita 60 huchukua karibu magari yote, yakiwemo yale makubwa unayoyaamini. Na chini ya maji ya rangi ya tope hujui kama kalavati bado lipo.

Kwa hiyo ukikuta maji yanavuka barabara na huoni mistari ya lami chini yake, simama. Usifuate basi. Basi lina tani nyingi na sakafu ya juu. Likipita halijakuthibitishia kitu. Usikubali vijana wanaotembea mbele kukuonyesha njia kwa malipo. Ngoja, maji mengi ya namna hiyo hushuka baada ya saa chache, au rudi mji wa nyuma mkalale.

Kwa maji yaliyotuama tu, yasiyofika kwenye sakafu ya gari, unaweza kupita: gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yasikatike, usisimame katikati. Ukitoka, gusa breki kidogokidogo mara kadhaa zikauke. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata tena. Injini ikivuta maji kwenye silinda, pistoni inakutana na kitu kisichobonyea, na konrodi inapinda. Kabla ya hapo ulikuwa na injini nzima yenye maji. Baada ya stata moja una injini ya kununua. Livuteni hadi kwa fundi, atoe plagi na aangalie oili; ikiwa na rangi ya maziwa, imwagwe.

Na likianza kuchukuliwa, mkanda, dirisha, toka. Madirisha ya umeme hufanya kazi kwa muda mfupi tu, na mlango hautafunguka maji yakiukandamiza kwa nje. Watoto watangulie kutoka kwa dirishani.

Kuhusu njia yenyewe. Tokeni alfajiri kukiwa na mwanga, mvua kubwa za huko mara nyingi hupiga mchana na jioni. Mikumi heshimuni vibao vya spidi. Wanyama hawaondoki barabarani kwa sababu ya mvua. Mlima Kitonga mtaupanda mkienda, na kupanda kuna shida moja, kukwama nyuma ya lori. Vumilia, usipite konani. Shida yake iko siku ya kurudi. Kabla ya kuanza kushuka, weka gia ya auto kwenye 2 au L, magari mengine huandikwa B au S, injini ishikilie gari. Breki ukanyage kabla ya kona, kwenye sehemu iliyonyooka, kisha uachie na upite kona bila kuigusa. Ukipiga breki ndani ya kona iliyolowa, unalidai tairi kazi mbili kwa wakati mmoja.

Mwisho, fungua buti utazame tairi la akiba. Magari mengi kama la kwako yana lile jembamba, ambalo upepo wake ni kPa 420, yaani psi 60, na mwisho wake ni spidi 80 kwenye lami kavu. Kwenye mvua, ukilifunga, nenda 50, na hakikisha limejazwa kabla hujatoka nyumbani. Mkipata pancha Mikumi, ziba pancha Mikumi hukohuko. Msipande nalo Kitonga.